Dawa ya Nywele: Saluni ama Keja? Piga Hii Hesabu Kabla Uketi Kwa Kiti

Cheki, msupa. Ni Ijumaa jioni hapo Isebania. Kesho kuna harusi ya beshte, nywele mpya imeota kama inchi moja chini ya ile iliyonyooka, na kioo kinakuambia ukweli bila huruma. Uko na njia mbili. Ya kwanza, uamke mapema upange foleni saluni pale kando ya barabara kuu, utoke na nywele imelala. Ya pili, ununue boksi la dawa dukani, uite beshte kejani, na doo iliyobaki ifanye mambo mengine.

Huu mjadala uko kila ploti. Timu Saluni wanasema dawa ya keja ndiyo imemaliza nywele za mbele za wasupa wengi. Timu Keja wanajibu kwamba saluni unalipia kiti na udaku, na bado unachomwa.

Tumeketi na hii stori tukaiangalia pande zote. Shida ni kwamba watu wanabishana juu ya doo na mng'ao, na kuna swali moja hawaulizi: kwa mwaka unaweka dawa mara ngapi? Tutafika hapo. Kwanza tujue tunachojipaka.

Hiyo dawa ni nini hasa?

Geuza mkebe usome lebo. Dawa nyingi za saluni ziko na sodium hydroxide. Jina la mtaani ni kostiki soda, ile ile inayopika sabuni ya kipande na kuzibua sinki. Kuna kipimo cha pH kinachoonyesha ukali wa kitu: maji safi yako 7, dawa ya nywele inacheza kati ya 12 na 14, na 14 ndiyo mwisho wa kipimo.

Kazi yake ni kuvunja vifungo vya ndani vinavyofanya unywele ujikunje. Vikishavunjika, havirudi. Ndio maana ukinyeshewa nywele yenye dawa haijikunji kama ile ya kuchanwa na moto. Lakini kemikali haijui unywele ni upi na ngozi ni ipi. Vyote viwili ni protini, na ikikaa sana inakula vyote.

Sasa kuna zile boksi zimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hazina kostiki. Ndani utapata vitu viwili: krimu yenye calcium hydroxide, ambayo ni chokaa, na kichupa cha majimaji yenye guanidine carbonate. Ukichanganya, vinatengeneza guanidine hydroxide, na kazi inaanza. Kwa ngozi ya kichwa inaweza kuwa pole kidogo, lakini bado ni kali, na ile chokaa inaachwa kwa nywele inaifanya ikauke. So "haina kostiki" haimaanishi "haina makali". Na kitu kingine: ukishachanganya, tumia hapo hapo. Ile nusu unayofunika ukimwekea cousin wa wiki ijayo, mwaga.

Ulaya walishajibu hili swali kwa sheria

Hii ndiyo itakushtua. Sheria ya vipodozi ya Umoja wa Ulaya inatofautisha dawa ya keja na dawa ya saluni. Dawa ya kununua ukajipake nyumbani, kostiki haifai kupita asilimia 2. Ile ya mtaalamu inaruhusiwa mpaka asilimia 4.5. Zaidi ya mara mbili. Na zote mbili lazima ziandikwe onyo kwamba zikiingia machoni zinaweza kupofusha.

Wacha hiyo iingie. Watu waliopima haya mambo waliona mtu wa kawaida bafuni hafai kushika nguvu ile ile ya msusi aliyefunzwa.

Sasa rudi mtaani. Kuna mkebe mkubwa wa saluni, na unapata mtu anapimiwa kwa kikopo cha yoghurt aende nao kejani juu ni bei rahisi. Hapo umebeba nguvu ya mtaalamu bila mtaalamu. Hujui ni aina gani, hujui ikae dakika ngapi, hujui mkebe ulifunguliwa lini. Ukiniuliza njia moja ya kuweka dawa ambayo haifai kabisa, ni hiyo.

Stori ya Marekani iliyoamsha kila mtu

Oktoba 2022, watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walitoa matokeo yaliyotikisa saluni dunia nzima. Walifuatilia wanawake 33,497 wa miaka 35 hadi 74, kwa karibu miaka 11. Katika muda huo, 378 walipata saratani ya mji wa mimba.

Walipolinganisha, wale ambao hawakuwahi kutumia dawa za kunyoosha nywele, makadirio ni kwamba asilimia 1.64 wangepata hiyo saratani kufikia miaka 70. Wale wanaozitumia sana, asilimia 4.05. Kwa lugha ya mtaa: chukua wanawake mia moja. Upande mmoja ni kama wawili, upande wa pili ni kama wanne.

Usiruke kwa hofu, na usipuuze pia. Wanne kwa mia bado ni wachache. Na utafiti wa aina hii unaonyesha vitu viwili vinatembea pamoja, haujathibitisha kwamba kimoja ndicho kimeleta kingine. Hawakukusanya majina ya kampuni wala orodha ya kemikali ambazo kila mmoja alitumia. Lakini mwaka uliofuata, 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston wanaofuatilia wanawake weusi nao wakapata kitu cha kufanana na hicho: waliofunga hedhi na walitumia dawa zaidi ya mara mbili kwa mwaka, ama kwa zaidi ya miaka mitano, hatari yao ilikuwa juu kwa kama asilimia 50 ikilinganishwa na waliotumia mara chache ama kutotumia kabisa.

Siku chache baada ya ule utafiti wa kwanza, mwanamke anaitwa Jenny Mitchell alipeleka kampuni kortini, L'Oréal ikiwemo. Kesi zikafuata kwa maelfu, na Februari 2023 zile za korti za shirikisho zikaanza kuunganishwa kwa korti moja Chicago. Kampuni zinakana, zinasema bidhaa zao ni salama.

Oktoba 2023, FDA, ile mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza inapanga kupiga marufuku formaldehyde kwa bidhaa za kunyoosha nywele. Tarehe waliyoweka ilikuwa Aprili 2024. Ikapita, wakasogeza mbele. Elewa hapa vizuri: formaldehyde inahusishwa zaidi na zile huduma za kunyoosha kwa pasi ya moto wanazoita keratin, ukisikia moshi unachoma macho. Dawa ya kostiki ni kitu kingine. Kwa hivyo ukiambiwa "hii si dawa, ni keratin tu", uliza iko na nini ndani.

Sasa rudi kwa hizo namba. Kwa utafiti wa 2022, "kutumia sana" ilimaanisha nini? Zaidi ya mara nne kwa miezi 12. Hapo ndipo mjadala wa saluni na keja unabadilika.

Hesabu ambayo hakuna mtu anapiga

Tuchukue mfano, bei weka za kwenu. Tuseme saluni ni KSh 800, boksi la keja ni KSh 300.

Ukiweka kila wiki nane, hiyo ni kama mara sita kwa mwaka. Saluni ni KSh 4,800, keja KSh 1,800. Tofauti ni thao tatu. Timu Keja wanapiga makofi.

Lakini sogeza hadi wiki kumi na mbili, ukirudia nywele mpya pekee. Sasa ni mara nne. Saluni inakuwa KSh 3,200. Sogeza mpaka mara tatu kwa mwaka, saluni inafika KSh 2,400. Tofauti na yule anayejipaka kejani mara sita imebaki punch na soo moja, mwaka mzima. Hiyo ni nauli ya boda tu.

Umeona? Kinachokula doo yako si kiti cha saluni pekee. Ni mara ngapi unakikalia. Na ubaya wa keja ni kwamba urahisi unaalika: boksi liko kwa kabati, beshte yuko hapo, nywele imeota nusu inchi, unaambiwa "si tuguse tu kidogo". Kabla ujue umefika mara saba kwa mwaka, na dawa imepanda juu ya nywele iliyoshanyooshwa kitambo. Hapo ndipo inakatika. Ukisikia mtu akisema "dawa ya keja imenimaliza nywele", mara nyingi shida ni hiyo: ilipakwa juu ya dawa nyingine.

Saluni inashinda wapi

Kwa mambo matatu, na yote huwezi kujifanyia mwenyewe.

Moja, macho nyuma ya kichwa. Kisogoni huoni. Unapaka ukikisia, na pale ndipo dawa inasahaulika ikikaa dakika tano za ziada.

Mbili, maji. Dawa inatolewa kwa maji mengi ya vuguvugu, si kwa jagi. Ploti nyingi maji ni ya mtungi, na ukiishiwa nusu ya kazi huwezi kusema "subiri nichote". Dawa haisubiri. Baada ya hapo inafuata ile shampuu maalum ya kuzima dawa, na nyingine zina rangi ya kukuonyesha: povu likiwa bado na rangi, dawa iko. Unarudia mpaka liwe jeupe.

Tatu, mtu wa kuangalia saa. Si wa kubonga tu.

Na hapa kuna kona. Kama saluni yako haikupi hayo matatu, unalipia kiti. Kama msusi anakupaka kisha anaanza kusuka mteja mwingine, simu kwa sikio, hakuna mtu ameangalia saa, hiyo ni keja iliyo na kodi ya duka. Kabla ujiachilie, uliza maswali rahisi: Ni dawa gani, naweza kuona mkebe? Utanipaka jeli kwa ngozi na nywele za mbele kwanza? Maji yako leo? Shampuu ya kuzima iko? Msusi mzuri hakasiriki. Anayekasirika amekujibu.

Keja inashinda wapi

Tusiwe na unafiki. Keja pia ina haki zake. Boksi ni lako, umelifungua mwenyewe, umesoma karatasi ya maagizo, hakuna mkebe wa tangu mwaka jana. Hakuna foleni, hakuna mtu wa kukuharakisha. Kama uko na mtu mwenye mkono mtulivu, maji ya kutosha, glavu na simu ya kuweka alamu, inaweza kwenda fiti kuliko saluni ya ovyo.

Ila masharti ni haya. Usijipake peke yako, kamwe. Usioshe kichwa wala kukikuna siku chache kabla, juu kila mkwaruzo ni mlango wa dawa. Kama umefungua braids, subiri wiki moja ama mbili ngozi ipumzike. Jaribu kwa kishungi kimoja kwanza uone kinafanya nini. Paka nywele mpya pekee. Muda ni ule wa kwa boksi, usiongeze hata dakika moja juu "bado haijalala". Na mtoto mdogo atolewe kwa chumba. Dawa ikiingia jichoni, mwaga maji safi dakika kumi na tano ama zaidi bila kuacha, kisha nenda hospitali ya Isebania ama Migori saa hiyo hiyo. Kemikali za aina hii zinazama ndani zaidi kuliko asidi nyingi, so usingoje asubuhi.

Ile uongo ya "vumilia kidogo"

Hii tunaizika leo. Umewahi kuambiwa "ikichoma ndio inashika"? Umekazana kwa kiti, machozi yakitoka, juu hutaki kuonekana mnyonge?

Kuchoma si dalili kwamba dawa inafanya kazi. Ni dalili kwamba ngozi inaungua. Dawa inafanya kazi kwa unywele, na unywele hauna hisia. Ukisikia moto, imefika mahali haifai kuwa. Na ngozi iliyoungua inapitisha kemikali ndani ya mwili kwa urahisi zaidi, kitu ambacho watafiti wenyewe wamekitaja wakijaribu kueleza zile namba za saratani.

So ukisikia moto, sema "toa sasa". Mara moja, kwa sauti. Afadhali utoke na nywele nusu imenyooka kuliko kidonda kinachofunga na kofia wiki mbili. Hii inahusu saluni zaidi kuliko keja, juu kejani utakimbia bafuni mwenyewe. Saluni unaona aibu.

Mpaka na lebo

Isebania si mji kama ingine. Unavuka kituo cha mpaka, uko Sirari, Tanzania. Shilingi mbili zinatembea soko moja, na familia za Wakuria ziko pande zote. Mtu akiona dawa ni rahisi upande mmoja, anavuka. Hiyo ni maisha ya mpaka, na hakuna mtu anakulaumu.

Lakini angalia alama. Kenya ni KEBS. Upande wa pili ni TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo imechukua kazi ya kusimamia vipodozi Tanzania. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kutambua alama za ubora za wenzao, kwa hivyo bidhaa yenye alama halali ya TBS haijawa feki juu tu imetoka ng'ambo. Feki ni ile isiyo na jina la aliyeitengeneza, haina namba ya bechi, haina tarehe ya mwisho, na kifuniko kimeshafunguliwa.

Kwa alama ya KEBS kuna njia ya kuhakikisha: chini ya alama kuna namba ya kibali. Tuma SM# ikifuatiwa na hiyo namba kwa 20023, upate jibu kama kibali kiko hai na ni cha nani. Meseji moja tu. Na Katiba, Kifungu cha 46, inakupa haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, habari za kutosha kuzihusu, na fidia ukiumizwa. Lakini ukipimiwa kwa kikopo kisicho na jina, utamshtaki nani? Lebo ndiyo shahidi wako. Weka boksi na risiti mpaka nywele ipoe.

Na dada wa saluni je?

Kuna mtu mmoja tumemsahau kwa hii stori yote. Wewe ukiweka dawa mara nne kwa mwaka, yeye anaishika kila siku, pengine mara nne kabla ya chakula cha mchana. Pengine ni wewe unayesoma hii, uko kwa saluni, unalipwa kwa kichwa.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka kazi ya kutengeneza nywele kwa kundi la 2A, yaani huenda inaleta saratani kwa wanaoifanya, zaidi kwa sababu ya rangi za nywele. Glavu si urembo, na dirisha wazi si baridi. Kama mwenye saluni hanunui glavu, hiyo ni gharama anakusukumia wewe ubebe kwa ngozi. Na mteja akikuambia "vaa glavu nakungoja", usimwone na madharau. Anakulinda.

Uamuzi wetu

Kama kichwa chako kina kidonda ama ngozi inawasha, jibu ni hakuna. Si saluni, si keja. Harusi itapita, funga kilemba utokelezee hivyo hivyo. Kama uko mjamzito, ongea na daktari kwanza.

Kama ni mara yako ya kwanza, nenda saluni yenye yale matatu: macho, maji na saa.

Kama umezoea na uko na mtu wa kukusaidia, boksi lililofungwa lenye alama, maji ya kutosha na alamu, keja ni sawa. Kikopo cha kupimiwa, hapana.

Na popote utakapoketi, andika tarehe kwa simu. Leo umeweka, hesabu wiki kumi na mbili mbele, weka alamu. Kabla hiyo siku ifike, mtu asikuguse kichwa na dawa, hata awe beshte, hata iwe bure. Braids ziko, blow-dry iko, wigi iko, nywele yako ya kawaida pia iko.

Sasa tuambie ukweli, msupa: mwaka huu umeweka mara ngapi?